Kabati Lililokataliwa

Mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Kesho, na mwenyewe habishi. Ukimwuliza leo atakukubalia, tena atacheka kabla yako, maana amejifunza kwamba ukiwahi kujicheka unawapunguzia wengine kazi. Lakini siku yenyewe hakucheka. Siku yenyewe alisimama mlangoni mwa karakana yake, maranda ya mbao yamemjaa kichwani, anawahutubia watu waliokuwa na haraka zao, na hakuna aliyeondoka, kwa sababu Fundi anajua kuongea kuliko anavyojua kumaliza kazi.

Jina la Kesho hakupewa na wazazi, alipewa na wateja. Kwa mikono hana mpinzani. Droo zake zinavutika kwa kidole kimoja, na mlango wa kabati lake ukiufunga husikii kishindo, unasikia pumzi tu. Tatizo lake ni tarehe. Mwulize kitanda kitakuwa tayari lini: atajifuta jasho, atatazama juu kama anayesoma kitu kwenye mabati, kisha atakujibu "kesho" kwa sauti ya mtu anayeamini kabisa anachosema. Na kweli anaamini. Hapo ndipo penye ugumu wa kumkasirikia.

Siku hizo mtaa mzima ulikuwa umezama katika kununua vitu kwa simu. Mazulia, taa za kubana mezani, mikeka ya mazoezi, mashine za kukatia mboga ambazo kuziosha ni kazi kuliko kukata mboga kwa kisu, viti vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi. Nyumba za pale hazina namba na vichochoro vyake vinapindapinda, kwa hiyo kila aliyeagiza aliandika anwani ile ile moja: kwa fundi seremala, mkabala na kinyozi. Mizigo ikawa inashushwa hapo, Fundi anaitunza, na ikiwa ni fanicha ya kuunga, anamwungia mwenyewe kwa malipo kidogo.

Ila kamwe hakugusa bisibisi kabla ya hotuba. Kwanza alilizunguka boksi. Kisha akalifungua pembeni, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akanusa, akalowanisha kidole kwa mate na kusugua. Mwisho, bila kutazama karatasi yenye jina, alibashiri mwenye mzigo. Mara nyingi alipatia. Mkeka wa mazoezi, alisema, ni wa mama wa duka la kona, ataurukia wiki moja kisha utakuwa wa kulalia paka. Na ndivyo ilivyokuwa, hadi paka. Watu walisimama kusikiliza, na wenye mizigo nao walicheka, kwa kuwa Fundi alikuwa anawatania kwa mapenzi.

Asubuhi ile dada wa mizigo alishusha kutoka kwenye pikipiki yake boksi refu, bapa, zito, lenye picha ya kabati jeupe ubavuni. Milango ya kabati ilikuwa imechorwa maua mekundu. Dada huyo ni msichana wa maneno machache, kofia ngumu haimtoki kichwani hata akishuka, na siku hiyo alikuwa anasubiri tu mtu amtilie saini aende zake. Kinyozi alikuwa ametoka nje kuangalia, mkasi mkononi. Mteja wake alimfuata na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Na Mwalimu alikuwepo. Mwalimu ni mama mstaafu, alifundisha nusu ya watu wa mtaa ule kusoma, na alikuja kuulizia kabati lake la vitabu kwa mara nyingine tena.

Fundi alipoona hadhira imetimia, aliweka randa chini.

Aligonga ubao, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Aliwaeleza kwamba kile si ubao. Ni unga wa mbao, takataka tunazofagia hapa kila jioni, uliogandishwa kwa gundi na kuvalishwa karatasi nyeupe. Likimwagikiwa maji litavimba kama mkate uliolowa. Skrubu ukiikaza mara mbili inazunguka bure. Kinyozi akamwuliza, je, mwenyewe ni nani. Fundi akafumba macho.

Mwenyewe ni mwanamke, alisema, maana mwanaume hanunui maua. Tena ni mwanamke aliyeolewa, maana kabati la mtu mmoja lingekuwa jembamba. Hapo angenyamaza yangeisha. Lakini yule mteja wa nusu kichwa alikuwa ameanza kucheka, na Fundi akimwona mtu anacheka hajui kuacha.

"Swali langu ni moja tu," akasema. "Mume yuko wapi? Mwanaume mzima unamwacha mkeo anunue unga, na seremala yupo hapa hapa barabarani. Huyo si mume, huyo ni pambo la ukuta. Natamani hata nimwone sura yake."

Mwalimu aliinama, akasukuma miwani yake juu, akaisoma ile karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Aliisoma kama alivyokuwa anasoma insha za wanafunzi, mpaka mwisho. Kisha alimtazama Fundi kwa huruma ya mwalimu anayekaribia kurudisha mtihani.

"Fundi," akasema, "humo ndani una kioo?"

Fundi hakuelewa. Kinyozi, aliyekuwa ameshachungulia begani kwa Mwalimu, alielewa upesi sana.

"Kioo ninacho mimi," akasema. "Njoo, sikutozi."

Ndipo Fundi naye akainama. Lilikuwa jina la mkewe. Jina lote, hadi la baba mkwe.

Waliocheka walicheka. Mteja wa nusu kichwa ilibidi ashike nguzo ya karakana, shuka likamdondoka na nywele zikapeperuka. Hata dada wa mizigo aligeuza uso upande wa pikipiki na mabega yakawa yanamtikisika. Kama Fundi angecheka nao, mambo yangeishia hapo na jioni angekula chakula chake kwa amani. Lakini haya ilimpanda, akanuna. Alisema pana makosa. Alisema mzigo huo si wa hapa, urudishwe ulikotoka.

Dada wa mizigo alimweleza taratibu kwamba umeshalipiwa. Anwani ni hapa. Mpokeaji akiukataa, yeye atabonyeza "umekataliwa" kwenye simu, utarudi ofisi ya mizigo, na aliyenunua atapelekewa ujumbe. Fundi alisikia yote isipokuwa hilo la mwisho.

"Bonyeza," akasema.

Mwalimu alimshauri afikirie kwanza. Fundi akamjibu kwamba ameshafikiri. Basi Mwalimu akashika mkoba wake, akauliza, na kabati langu la vitabu je?

"Kesho, Mwalimu," Fundi akajibu, kwa mazoea tu, na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

*

Mkewe anaitwa Mama Nyuzi, na ukiingia nyumbani kwao huhitaji kuuliza kwa nini. Anafuma. Anafuma akiongea, anafuma akisubiri maji yachemke, na binti yao aliyeko chuoni anaapa kwamba alizaliwa mama yake akiwa katikati ya mstari na akaumaliza kwanza. Shali za watoto wachanga ndizo zinazompatia fedha, mablanketi ndiyo yanayompatia raha. Nyuzi ziko kila mahali. Ziko kwenye foronya, kwenye ndoo yenye ufa, kwenye sufuria iliyopoteza mfuniko, na ndani ya viatu vya Fundi vya kuvalia suti, kila kiatu donge moja, la kijani na la njano. Mama mzazi wa Fundi, ambaye wote humwita Bibi, analala na gunia zima la sufu miguuni. Je, analalamika? Halalamiki. Anasema tangu mumewe afariki hajawahi kuwa na mwenzake asiyekoroma kama huyo.

Kona ya sebule, pembeni ya dirisha, pana ukuta mtupu uliotengwa kwa ajili ya kabati. Fundi aliupima mwenyewe, akaweka alama mbili za penseli, moja kila upande, na kuandika kipimo kwa mwandiko wake mzuri. Kabati la kwanza alilitengeneza kweli. Mteja aliyefuata kitanda akaliona, akalipenda, na kodi ya karakana ilikuwa imefika. La pili nalo alilitengeneza, na hilo likaenda na ada ya binti. La tatu lilibaki penseli. Kila mara alikuja kumweleza mkewe ukweli wote, ameshika mfuko wa matunda, na kila mara mkewe alicheka, akala matunda, yakaisha. Mwaka ule walipopaka nyumba rangi, Mama Nyuzi alipofika kwenye zile alama alizizunguka kwa brashi, akaziacha. Mpaka leo ziko pale, kila moja ndani ya kidirisha chake cha rangi ya zamani.

Kilichomaliza subira ni panya. Aliingia kwenye gunia chini ya meza akazalia ndani ya blanketi la binti, lile ambalo mama yake alikuwa analifuma tangu aondoke. Mama Nyuzi hakulia wala hakufoka. Alilikung'uta nje, akalitazama likiwa na matundu ya kupitisha ngumi, akalikunja. Kisha akachukua simu na kwenda kukaa kitandani kwa Bibi. Walichagua pamoja. Yeye alichagua vipimo, vile vile vya kwenye ukuta. Bibi alichagua maua.

Fundi hawakumwambia. Si kwamba walimficha. Mzigo uliahidiwa mwisho wa wiki, na Mama Nyuzi alipanga kumwambia usiku wa kuamkia siku hiyo, ili asubuhi aupokee na kuuleta. Mzigo ukawahi. Mtu wa nyumba ile hajazoea kitu kinachowahi.

*

Jioni Fundi alikuta kona imefagiwa. Ukuta umefutwa kwa kitambaa chenye maji, magunia yamepangwa mstari kama abiria. Mkewe alikuwa anaimba kwa midomo iliyofungwa. Fundi alinawa, akaketi, akala. Alisifia chakula mara mbili, jambo ambalo Bibi aliliona na kuliweka akilini.

Simu ya Mama Nyuzi ikalia mlio wa ujumbe. Bibi akamwambia asome kwa sauti, labda ni mjukuu.

"Mpendwa mteja," Mama Nyuzi akasoma, "mzigo wako umekataliwa na mpokeaji."

"Mpokeaji ndiye nani?" Bibi akauliza.

Mama Nyuzi aliweka simu chini polepole. Anwani ilikuwa ya karakana. Wote wawili walimgeukia Fundi, aliyekuwa anatafuna kitu alichokwisha kukimeza.

Alijitetea. Alianza na unga wa mbao, akaenda kwenye gundi, akagusia maji na skrubu zinazozunguka bure. Mama Nyuzi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Fundi akahamia kwenye heshima: mke wa seremala kununua kabati la boksi, watu watasemaje? Nani atamletea kazi tena?

"Kwani wamesema nini?" mkewe akauliza.

Hapo alikwama, kwa kuwa watu hawakuwa wamesema kitu. Aliyesema ni yeye. Na kwa kuwa mbele ya mama yake hajawahi kuweza kudanganya hata alipokuwa mtoto, alijikuta anaisimulia hotuba yote, neno kwa neno, hadi kwenye pambo la ukuta, hadi kwenye kioo cha kinyozi. Bibi alicheka mpaka akaletewa maji. Alimwomba airudie pale pa kioo.

Mama Nyuzi hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza, na Fundi akaogopa kuliko kama angetupiwa sahani.

"Sikununua ili uchekwe," akasema. "Nilinunua ili usiniahidi tena. Unafikiri sikuoni? Ukiingia humu ndani unatembea umegeuzia uso mlangoni, usiione ile kona. Nyumba yako mwenyewe unaipita kama duka la mtu anayekudai. Nikasema basi, nimtue huyu mtu huu mzigo."

Fundi alitazama sahani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atamtengenezea. La mkangazi, mbao zenyewe anazo. Ataanza kesho.

Neno lilikuwa limeshatoka. Bibi alifunika uso kwa khanga.

"Hapana," Mama Nyuzi akasema. "Kesho nenda kalichukue lile."

*

Ofisi ya mizigo ni chumba kirefu chenye dirisha moja la kioo na foleni isiyopungua. Fundi alisimama nyuma ya kijana anayerudisha viatu vya namba ndogo na mama anayerudisha pazia lililotumwa bila mwenzake. Alipofika dirishani, karani aliangalia kompyuta na kumwambia kwamba mzigo huo umekataliwa, na mfumo unataka sababu ndipo uutoe tena. Akamsomea: umeharibika, sio niliouagiza, sikuwepo nyumbani.

Fundi akauliza kama hakuna sababu ya kuona haya.

"Kuna nyinginezo," karani akasema, bila kuinua macho. "Wewe ndiye mnunuzi?"

"Mnunuzi ni mke wangu."

"Na aliyekataa?"

"Ni mimi."

Karani akainua macho. Nyuma yao mlango ulifunguliwa, akaingia dada wa mizigo na kofia yake, amebeba maboksi hadi kidevuni. Alimpita Fundi, akarudi hatua mbili nyuma.

"Aa, pambo la ukuta," akasema kwa kumsalimu tu, kama mtu anavyomwita mwenzake kwa jina lake, akaenda zake ndani. Foleni nzima ikageuka. Yule mama wa pazia akamwuliza kijana wa viatu kuna nini, na kijana wa viatu, ambaye hajui lolote, akamwambia nyamaza tusikie.

Kanuni ilisema mnunuzi lazima akubali. Karani akampigia simu Mama Nyuzi na kuiweka kwenye spika ili mikono yake iwe huru. Akaeleza kwamba hapa yupo mtu anayesema ni mumewe, anataka apewe kabati. Mama Nyuzi alisikika kwanza akimalizia kuhesabu mafundo yake.

"Yukoje huyo mtu?"

"Mrefu kiasi. Ana maranda kichwani."

"Anacheka au amenuna?"

Karani akamkagua Fundi kupitia kwenye kioo. "Amenuna."

"Mpe," Mama Nyuzi akasema. "Lakini mwambie akilibeba, picha ya maua iangalie nje."

Mama wa pazia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangua kicheko. Halafu kijana wa viatu. Fundi alijaribu kushikilia ule mnuno, akaubana kwenye midomo, ukamponyoka. Alicheka hadi akaegemea dirisha na kupaka kioo vumbi la mbao, na karani akasahau kumkemea. Alipotia saini, sehemu ya sababu aliandika mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri: ujinga wa mpokeaji.

Alilibeba mgongoni, kamba begani, maua nje. Angeweza kupita uchochoro wa nyuma. Alipita barabara kubwa. Kinyozi alitoka na kile kioo chake cha mkono, akamwinulia bila neno. Fundi akasimama, akajitazama vizuri kushoto na kulia, akamshukuru, akaendelea na safari.

*

Kuliunga kulichukua mchana wote, na lawama ni zake. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo, na Fundi akasema ameunga makabati tangu ndevu hazijaota, hawezi kuelekezwa na karatasi. Mama Nyuzi aliikunjua, akaiweka pajani, akaendelea kufuma. Milango ilipokaa mahali pake, Bibi alikodoa macho, akasema kwamba yeye katika uhai wake hajaona maua yanayoota kwenda chini.

Fundi alifungua kila skrubu. Safari ya pili mkewe alisoma, naye akatii. Ubao wa herufi fulani, upande wenye tundu, juu. Alipomwuliza kama ana hakika, mkewe alisoma tena mstari ule ule kwa sauti ile ile, na Bibi akasema kijana siku hizi anafundishika.

Kitu kimoja tu hakuweza kukivumilia. Mgongo wa kabati ulikuwa karatasi nene, ya kutobolewa kwa kidole. Aliomba ruhusa. Akaletewa ruhusa yenye masharti: asiguse milango, asipake rangi, asiboreshe chochote kinachoonekana, na asiondoke nalo nyumbani, maana makabati yakienda karakana huwa hayarudi. Basi akaleta karakana nyumbani. Alipiga mgongo wa ubao halisi na kuliwekea miguu minne mifupi ya mkangazi, ili maji ya kupigia deki yasilifikie. Hivyo panya hawana pa kuingilia na unga hauna pa kulowea.

Kisha wakalisukuma kwenye kona. Lilikaa katikati ya zile alama mbili za penseli kama lililozaliwa pale, hapakubaki nafasi ya kuingiza ukucha. Mama Nyuzi alikuwa amenunua kwa kipimo cha mumewe, na kipimo cha mumewe hakijawahi kukosea. Fundi alipitisha kiganja ukutani, upande huu na upande ule.

Nyuzi zikaingia kwa rangi zake. Nyekundu na ndugu zake juu, bluu katikati, kijani chini, na rafu moja nzima ikatengwa kwa blanketi la binti, ambalo Mama Nyuzi alikuwa ameanza kuliziba matundu kwa uzi wa njano, yaonekane kama yalikusudiwa. Fundi alivaa viatu vyake vya suti akazunguka navyo sebuleni, kwa furaha tu ya kuingiza mguu mpaka mwisho. Bibi alirudishiwa miguu yake. Usiku wa kwanza alisema kitanda kimekuwa kikubwa mno, wamrudishie angalau donge moja.

Jambo jingine lilitokea wiki hiyo, na kinyozi analidai kuwa ni kazi ya kioo chake. Kila mpita njia alikuwa anamwita Fundi pambo la ukuta, na njia pekee ya kutowasikia ilikuwa kuwasha msumeno. Kwa hiyo msumeno ukawaka. Kabati la vitabu la Mwalimu likaisha, likapigwa msasa, likapelekwa kwake, na Mwalimu alipofungua mlango akaliona, alimwuliza kama ana homa.

*

Mwisho wa wiki Mwalimu alikuja kushukuru, na kinyozi akamsindikiza, kwa kuwa naye alitaka kuliona hilo kabati la maua kwa macho yake. Walipewa viti na chai. Bibi alifungua milango kuwaonyesha, akaifunga, akaifungua tena, kama mwenye duka. Mwalimu alisifia mpangilio wa rangi. Kinyozi alisifia maua, na hakuwa anatania.

Fundi alivumilia sifa hizo kwa muda. Kisha mkono wake ukaanza kusogea wenyewe. Akagonga ubavu wa kabati kwa kifundo cha kidole. Akanusa. Mkewe, aliyeketi chini ya dirisha na shali mpya mapajani, alisikia ubavu huo ukigongwa na hakuinua kichwa.

Aliwaeleza wageni kwamba wasidanganywe na sura. Mgongo ni wake na miguu ni yake, hivyo vitabaki hata wajukuu waje. Lakini hicho kingine chote ni unga. Kinyozi akambishia, akasema yeye analiona imara. Fundi akamjibu kwamba kichwa kikinyolewa nacho siku ya kwanza hung'aa. Mwalimu akasema apewe haki yake, kazi yake anaijua. Bibi akasema maua yasiguswe. Wakabishana hivyo, kila mtu na lake, chai inapoa, na Fundi, alipoona hadhira imetimia, akasimama katikati ya sebule na kuinua vidole viwili.

"Miaka miwili," akasema. "Sizidishi. Mvua za mwaka huu, mvua za mwaka ujao, kwisha. Mama Nyuzi, mimi ni mumeo, nakwambia ukweli, hilo kabati lako litadumu miaka miwili tu."

Mama Nyuzi alivuta uzi, akamalizia fundo.

"Miwili inanitosha," akasema. "Lile lako la penseli halikudumu hata siku moja."